Tumbo la Kabla ya Mechi

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Niko na kocha Salum, na leo naanza na swali la choo, kocha, usinicheke. Ukifika Chuo cha Ushirika pale Moshi alfajiri ya Kilimanjaro Marathon, foleni ya choo haina mfano. Mtu anatoka, anafunga kamba za viatu, halafu huyo, anarudi mkiani mwa foleni. Wamekula nini?

SALUM: (anacheka) Hawajala kitu. Hofu hiyo, da Neema. Ubongo ukishaona kuna jambo kubwa mbele, homoni ya adrenalini inamwagwa. Moyo unaenda mbio, viganja vinaloa, mdomo unakauka, na damu inapunguzwa tumboni ipelekwe kwenye misuli. Tumbo nalo halikubali kunyimwa, linaleta fujo. Yule mtu mwili wake umeshaanza kukimbia kabla ya bastola kulia.

NEEMA: Hiyo ni sisi wa kilomita 21 za kupiga picha. Wakubwa je?

SALUM: Chukua Eliud Kipchoge. Vienna, Oktoba 12, 2019, siku aliyokimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wakati ule tayari ana dhahabu ya Olimpiki ya Rio na rekodi ya dunia ya marathoni. Lakini alipomaliza alisema muda ule wa kati ya kuamka na kuanza mbio, saa 2:15 asubuhi, ulikuwa mgumu kuliko wowote maishani mwake. Na Rais wa Kenya alikuwa amempigia simu kumtakia heri.

NEEMA: Heri gani hiyo! Rais akinipigia mimi, miguu inaisha hapohapo.

SALUM: Ndiyo maana nasema hofu haimwachi bingwa. Ila zipo mbili, na makocha wengi tunazichanganya. Ya mwilini, jasho na tumbo, mara nyingi hupungua filimbi ikishapigwa. Ya kichwani ndiyo mbaya: nikikosa je, kocha atanipanga tena, nyumbani watanionaje. Hiyo inakufanya uanze kuisimamia miguu yako mwenyewe. Kitu umekifanya mara elfu bila kufikiri, leo unakikagua hatua kwa hatua, kinaharibika.

NEEMA: Penalti.

SALUM: Penalti hasa.

NEEMA: Usinikumbushe Ghana, tafadhali.

SALUM: Nakukumbusha. Robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uruguay, Soccer City, Johannesburg, Julai 2, 2010. Muda wa nyongeza unakwisha, Suárez kaudaka mpira mstarini kama kipa, kadi nyekundu. Asamoah Gyan akifunga, Afrika iko nusu fainali kwa mara ya kwanza. Akagonga mwamba. Hapo kila mtu anakumbuka. Wanachosahau ni kwamba walipoingia kwenye matuta, Gyan huyohuyo alikwenda kupiga wa kwanza kwa Ghana. Akafunga.

NEEMA: Na Mané wa Senegal, fainali ya AFCON kule Yaoundé, 2022! Alikosa mapema kabisa, kisha akapiga tuta la ubingwa dhidi ya Misri.

SALUM: Kipa yuleyule, Gabaski. Sasa sitajifanya najua kilichopita vichwani mwao. Ila kuna Mnorwe, Geir Jordet, amezichunguza penalti miaka mingi, na moja ya aliyoyaona ni kwamba wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi. Wanataka mateso yaishe. Mimi vijana wangu nawaambia: weka mpira, rudi nyuma, vuta pumzi, itoe polepole. Refa hakudai chochote.

NEEMA: Na kelele zenu za kutoka benchi? “Tulia! Tulia!”

SALUM: Hizo naziacha. Alison Wood Brooks wa Harvard, mwaka 2014, alipima watu kabla ya kuimba, kuhutubia na kufanya hesabu. Waliojiambia wana hamu na jambo lile walifanya vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Si michezo, nakubali, lakini inaingia akilini. Moyo unaodunda kwa hofu na unaodunda kwa hamu ni uleule. Kijana aniambie “kocha, nina mzuka leo”, inatosha. Utulivu wa kulazimisha hatuupati.

NEEMA: Hujagusa kamati ya ufundi, wale wa uchawi. Timu inaruka ukuta isipite mlango mkuu...

SALUM: Unataka nifungiwe? Mimi hirizi siziamini. Lakini naona inachofanya: inampa mchezaji kitu cha kushika. Shida ni siku masharti yakivunjika, basi ameshafungwa tangu kwenye basi. Nadal wa tenisi alikuwa akizipanga chupa zake za maji mstari mmoja, kila mechi. Chupa anazo mwenyewe, hamtegemei mtu.

NEEMA: Lakini kuna siku pumzi na chupa hazitoshi.

SALUM: Zipo siku hizo. Simone Biles, yule Mmarekani wa jimnastiki, Olimpiki ya Tokyo 2021. Alipanga kuzunguka mara mbili na nusu hewani, akazunguka moja na nusu, hajui yuko wapi. Akajitoa. Mitandaoni wakamwita mwoga, watu ambao hata sarakasi ya uwanjani hawaiwezi. Yule akiangukia shingo, hakuna marudio. Alirudi siku chache baadaye akachukua shaba, na Paris 2024 dhahabu tatu. Kwa hiyo kijana asiyelala wiki nzima, anayeacha kula, anayezua jeraha kila mechi ikikaribia, huyo usimpe hotuba. Mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha.

NEEMA: Kuna mama katuandikia. Bintiye anakimbia mita 100 UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na kila mara anatapika kabla. Amwambie nini?

SALUM: Aseme kidogo. Asubuhi hiyo medali isitajwe, wala “usituangushe”. Amuulize kama kabeba maji na viatu. Ampe kazi ndogondogo: funga kamba, nenda kapashe misuli. Halafu mama aende jukwaani akae.

NEEMA: Akishindwa?

SALUM: Maswali yasubiri mpaka binti aanze mwenyewe. Njiani kurudi ni chakula tu.

NEEMA: Hata kumrekodi kwa simu?

SALUM: Arekodi mbio. Akitapika, simu irudi mkobani.