Gari la Zamani Lilikuwa na Subira

Assalaam alaykum, na jioni njema nyote. Kabla ya kuingia humu nilipita kwenye magari yenu hapo nje, nikainama nikayachungulia chini, moja baada ya jingine. Askari wa lango alinifuata akidhani nimekuja kung'oa vioo vya pembeni. Samahani kwa usumbufu huo. Nilichokiona huko chini tutakifikia.

Nimeitwa nijibu kama magari ya siku hizi ni mabovu. Barazani jibu langu ni hilo hilo la wazee wenzangu: magari yalikuwa zamani, haya ya leo makopo. Lakini humu ndani mmezima simu mkanisikiliza, basi nitasema kweli. Gari la leo si bovu. Halina subira tu.

Baba yangu alikuwa na Peugeot 504. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1975, likashinda tena 1978, na hadi leo ukilitaja watu hutikisa kichwa wakasema, "Lile ndilo chuma!" Sikatai. Ila mimi ndiye niliyekuwa nikilisukuma. Kila Ijumaa asubuhi mzee alifungua boneti, akafuta plagi, akakwangua pointi za kuwashia cheche kwa msasa, akaongeza oili, akakaza hiki na kile. Siku hizo hatukuuita ubovu, tuliita kuliangalia gari. Lilidumu kwa sababu lilitengenezwa kila wiki bila mtu kuhesabu.

Sasa chukua injini ya Toyota iitwayo 1NZ, ile ya Probox za mwanzo, zilizotoka mwaka 2002. Inatumia cheni badala ya belti, haina pointi za kukwangua, na ukiibadilishia oili kwa wakati utasahau kwamba iko. Ni injini bora kuliko ya marehemu baba, Mungu amrehemu. Tatizo ni kwamba tumeisahau kweli kweli, na tunapoikumbuka tunaitendea kama ile ya 504.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Gari langu la kwanza la mtumba nililijaza redieta kwa maji ya kisima, nilipokuwa nikikaa Kisauni. Mnayajua maji ya visima vyetu, chai yake ukiinywa unadhani umetia chumvi badala ya sukari. Maji hayo yalikula pampu na redieta polepole, kimya kimya. Siku ninasafiri kwenda bara, nikafika mlima wa Mazeras, gari likachemka. Hedi ya alumini, yaani kichwa cha injini, ikipata moto namna hiyo hupinda, na gasketi iliyo chini yake huungua. Nililirudisha Mombasa kwa kamba. Kulanti, ile ya kutia kwenye redieta, si maji ya kijani ya kupendezesha chupa. Ina dawa ya kuzuia kutu, na inachelewesha kuchemka. Bei yake ni kitu gani ukiilinganisha na hedi?

Kwenye giaboksi ndiko pesa za watu zinakoishia. Ile ya zamani ya otomatiki ilikuwa na gia nne za kuhesabika. Nyingi za sasa ni CVT: ndani mna mkanda wa chuma uliobanwa baina ya puli mbili, na puli hizo hupanuka na kubana ili kubadilisha mwendo. Mkanda ule unategemea oili ya aina yake maalumu, inayoulainisha na papo hapo kuuzuia usiteleze. Fundi akimimina oili ya kawaida ya otomatiki kwa kuwa "oili ni oili", mkanda unaanza kuteleza, puli zinachubuka, na vumbi la chuma linazunguka humo ndani. Hutasikia kitu siku hiyo. Utasikia baadaye, katikati ya foleni ya Buxton.

Na msidhani mtaikwepa kwa kununua Probox. Tangu mwaka 2014 Probox nayo imekuja na CVT. Sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo zile za gia nne hazishuki tena Kilindini. Zilizobaki nchini ndizo hizo, na wenye nazo wameshajua, ndiyo maana hawauzi.

Haibridi, yaani zile za petroli na umeme pamoja, nazisikia zikitukanwa, na mara nyingi zinaonewa. Toyota Aqua ina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma, na betri hiyo hupozwa na feni inayovuta hewa ya humu humu ndani ya gari. Sasa wewe umeziba tundu la hewa kwa gunia la nazi, vioo umeteremsha, AC umezima ubane petroli, na ni mwezi wa pili Mombasa! Betri inavuta joto na vumbi la mchanga, halafu unasema Wajapani wametudanganya. Isafishe feni ile.

Injini ndogo zenye tabo, kile kifaa cha kuzisukumia hewa zipate nguvu, sitazisema sana. Ukichelewesha oili, tabo inakufa. Basi.

Kuhusu bei. Kule Japani gari jipya hukaguliwa likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi ule ni ghali. Wengi huona afadhali waliuze, nasi tunalipokea likiwa bado na harufu ya kiti kipya. Hiyo ni neema. Lakini mita ya kilomita hurudishwa nyuma. Muuzaji mmoja aliniuzia gari lililosoma kilomita 68,000. Baada ya wiki nikaona kibandiko kwenye fremu ya mlango, kile cha kumbukumbu ya kubadilisha oili. Kijapani sijui, tarakimu nazijua: 143,000. Tangu hapo mimi hufungua milango kabla ya boneti, nikatazama na raba ya pedali ya breki. Gari lililotembea kidogo haliwi na pedali iliyolika upande.

Na chumvi je? Mnapenda kwenda Lighthouse jioni, mnaegesha magari yakitazama bahari, mnakula mihogo, huku kusi inavuma na marasharasha yanaingia hadi kwenye chesisi. Nahodha wa jahazi hupandisha chombo chake ufuoni, akakikwangua, akakipaka deheni. Wewe mwenye gari unaosha paa na vioo mpaka vinang'aa, tena kwa maji yale yale ya kisima.

Naam, Bi, nimeuona mkono. Unauliza ununue haibridi au ya kawaida. Kwanza nenda kwa fundi wako, umuulize ameshafungua giaboksi au betri za gari hilo mara ngapi, na spea alizipata wapi. Akianza kucheka, nunua jingine. Hata likiwa rahisi? Hata likiwa rahisi, mama.

Maswali mengine tuyajibie nje, tochi ninayo. Tuanze na ile nyeupe iliyo karibu na lango. Nilipoichungulia, kidimbwi kilichokuwa chini yake kilikuwa cha kijani, wala hakikuwa maji ya AC.