Shambulio Lisilo na Mati: Estrin na Berliner kwa Njia ya Posta

REHEMA: Karibuni. Leo hatuna habari za mashindano, tuna ubao mmoja tu mbele yetu. Yakov Estrin wa Umoja wa Kisovyeti anacheza nyeupe, Hans Berliner wa Marekani anacheza nyeusi. Ni fainali ya ubingwa wa tano wa dunia wa sataranji ya barua, 1965 hadi 1968. Bakari, mchezo huu umeuchagua wewe.

BAKARI: Nimeuchagua kwa sababu watu wakisikia kwamba mfalme alishambuliwa, wanangoja mati, yaani mfalme atekwe asiwe na pa kutokea. Hapa mati haipo. Na bado Andrew Soltis, Mmarekani mwenye cheo cha juu cha sataranji, grandmaster, aliuweka wa kwanza katika orodha yake ya michezo bora ya karne ya 20.

REHEMA: Kwanza tuwaeleze wasiojua mambo ya posta. Unaandika hatua kwenye kadi, kwa tarakimu ili lugha isiwe kikwazo. Safu a mpaka h zinakuwa 1 mpaka 8, kwa hiyo e2 kwenda e4 ni 5254. Kawaida ya zama hizo ilikuwa siku 30 kwa kila hatua 10, na siku za barua kuwa njiani hazihesabiwi.

BAKARI: Na kufungua vitabu ruksa, kusogeza kete mezani ruksa. Ndiyo maana mitego ya kitoto haifui dafu. Ukimtegea mtu mwenye siku tatu za kuutazama ubao, atauona mtego wako na chakula chake hajamaliza.

REHEMA: Haya, twende. Namba ya mbele ni ya hatua, nukta tatu ni zamu ya Mweusi, x ni kula, R ni ngome; exd5 ni askari wa safu ya e kula d5. 1.e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6, farasi g5. Ulinzi wa Farasi Wawili. Na Estrin hapo yuko kwake kabisa, alikuwa mtaalamu wa ufunguzi huu.

BAKARI: Ndipo utamu ulipo. Berliner hakumkwepa, alimfuata nyumbani. 4...d5, 5.exd5 b5, askofu anarudi f1, farasi mweusi anaruka d4. Mweupe anasukuma c3, Mweusi anakula d5, farasi mweupe anakwenda e4, halafu malkia h4! Farasi g3, askofu g4, na Estrin anasukuma askari f3.

REHEMA: Simama hapo. Askari wa c3 anamtaka farasi wa d4, askari wa f3 anamtaka askofu wa g4. Kete mbili ziko hatarini. Mimi ningeokoa moja, nikalia na nyingine.

BAKARI: Yeye hakuokoa hata moja. 10...e4.

REHEMA: Kwa nini huyo askari?

BAKARI: Kwa sababu akiwa e5 ameziba njia ya askofu wake mwenyewe. Akiondoka, mstari wa d6 mpaka g3 uko wazi. Estrin anakula farasi, 11.cxd4, askofu d6. Sasa malkia wa h4 na askofu wa d6 wote wanaikodolea macho g3, na askari wa h2 hana uhuru wa kulipiza, maana akila tu, malkia anashuka h1 na kubeba ngome.

REHEMA: Kwa hiyo yule askofu wa g4 bado yuko mdomoni mwa adui, na kumla hakuna faida.

BAKARI: Ndivyo. Estrin anakula b5 kwa shaha, yaani anamtishia mfalme, mfalme mweusi anasogea d8. Hebu hesabu: Mweusi amepungukiwa farasi na askari, na mfalme wake hana tena pa kujificha. Mweupe anampeleka mfalme g1 na ngome inakuja f1. Kwa jicho la haraka ungesema Mweupe ndiye aliyetulia.

REHEMA: Mimi ningesema hivyo, na ningeshindwa. 13...exf3, 14.Rxf3...

BAKARI: Na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Ngome ya f3 inaliwa bure na askofu, au ndivyo unavyodhani. Ukila upesi, malkia mweupe anarudisha f3 na papo hapo anamgusa farasi wa d5. Berliner anacheza ngome b8.

REHEMA: Mbali kabisa na vita!

BAKARI: Mbali kwa macho. Inamtisha askofu wa b5, naye anarudi e2. Tazama amekaa wapi: amemziba malkia wake mwenyewe asifike f3. Sasa Mweusi anakula ngome, askofu anarudisha, malkia mweusi anakula d4 kwa shaha, mfalme h1. Askofu anakula g3, 18.hxg3, na safu ya h iko wazi. Halafu ile ngome uliyoiona iko mbali inapanda b6.

REHEMA: Eeh! Mstari wa sita wote ni mtupu. Inataka kuvuka mpaka h6.

BAKARI: Estrin si mtoto. 19.d3, askofu wa c1 anafunguka na kuilinda h6. Ungedhani shambulio limezimika. Berliner anatupa farasi e3, anaziba njia ya askofu na kumgusa malkia kwa mpigo mmoja. Askofu anakula, malkia anakula.

REHEMA: Na tishio la h6 limerudi lilelile.

BAKARI: Lilelile. Hapo ndipo naona ubora wa ulinzi wa Estrin, watu huupuuza. Askofu g4, h5, askofu h3, g5, farasi d2, g4, farasi c4! Farasi huyo anagusa malkia na ngome kwa pamoja. Berliner anamwachia ngome. Malkia anakula g3, farasi anakula b6, askari anakula h3, na sasa kuna tishio la mati pale g2.

REHEMA: Malkia mweupe f3 anaizuia.

BAKARI: Anaizuia, na malkia wote wanaondoka ubaoni. Baada ya 28...cxb6 imebaki ngome kwa ngome, Mweusi askari wanne, Mweupe watatu.

REHEMA: Hapo nina shaka nawe, Bakari. Hilo bado ni shambulio? Mimi naona mwisho wa mchezo wa kuhesabu askari.

BAKARI: Dada Rehema, askari wa ziada ametoka wapi? Shambulio ndilo lililomnunua. Mpinzani mwenye siku nyingi atapata ulinzi kila mara, kwa hiyo unamlazimisha ajilinde kwa bei.

REHEMA: Nakubali nusu. Maana bado ilibidi kushinda. Ngome f1, mfalme e7, ngome e1 shaha, mfalme d6, ngome f1 tena kuitaka f7. Na Berliner anaitoa! 31...Rc8, 32.Rxf7 Rc7.

BAKARI: Anasema tubadilishane ngome. Ukikubali, askari wa h5 anakimbia na mfalme wako hawezi kumfuata na kulinda upande wa pili pia. Estrin akairudisha ngome f2. Mfalme mweusi akatembea e5, d4, akamla askari wa d3.

REHEMA: Berliner alimaliza fainali ile na pointi 14 kati ya 16: ushindi 12, sare 4, na pointi tatu mbele ya wa pili. Estrin naye alikuja kuutwaa ubingwa wa saba.

BAKARI: Kwa hiyo hakupigwa mnyonge. Hatua ya mwisho ni 42...b3, na Estrin akasalimu amri. Aliyefika pale ni yule askari wa c7, aliyegeuka kuwa wa safu ya b alipokula farasi katika b6.