Kabla hujashusha gia boksi, angalia mshale wa RPM

Asanteni kwa kuja, walioko nyuma sogeeni mbele maana kuna kitu nataka mkione kwa macho. Hii gia boksi hapa mezani imetoka kwenye Corolla 110, automatiki, nimeifungua jana usiku nikiwa na vijana wangu wawili. Kaka shika hiyo sahani ya klachi, pitisha kidole. Unaona? Bado ina unene wake, haijaungua, haina hata harufu. Gia boksi hii ni nzima kabisa, lakini mwenye gari aliambiwa imekufa, akaishusha, akanunua nyingine ya mtumba, akalipa na ufundi, na gari ikaendelea kusumbua vilevile. Iliniuma sana, na ndo maana nimeomba tukae leo tuongee hili jambo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Gari inatoka Dar kwenda Iringa, kwenye tambarare inakimbia vizuri tu, sasa ikifika mlima wa Kitonga ikaanza kupanda inazidiwa, inashusha gia, inapandisha, inashusha tena, jamaa anakanyaga mafuta mpaka chini haiendi, malori yanamkuta pale. Mtu akisikia gia zinahangaika hivo moja kwa moja anasema gia boksi, na ukiwa ndani ya gari kweli unaona kama gia boksi. Lakini hebu fikirieni, automatiki yenyewe inaangalia mambo mawili makubwa, mguu wako umezama kiasi gani na gari iko spidi gani. Injini ikikosa nguvu wewe unazidi kukanyaga, gia boksi inaona mguu umezama na spidi ni ndogo, inashusha gia. Hapo haijaharibika, inafanya kazi yake!

Kwa hiyo kitu cha kwanza, kabla ya spana, kabla ya kupima kwa mashine, kabla ya kumpigia fundi, ni ule mshale wa RPM, unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ukikanyaga mafuta mshale ukaruka juu, injini inalia, tuseme imefika elfu nne, na gari haiongezi mwendo, hapo nguvu ipo ila haifiki kwenye tairi, gia boksi inateleza. Lakini ukikanyaga na mshale wenyewe unashuka pamoja na spidi, injini inakohoa au inazama tu kimya kimya, basi injini haina nguvu, na gia boksi muiache kwanza. Yule jamaa nilimuuliza swali hilo moja tu, mshale unafanyaje pale mlimani? Akasema unashuka. Na hakuna aliyemuuliza hivo kabla.

Sasa kwa nini inasumbua mlimani tu? Gari za EFI za miaka ile, yaani zinazopuliza mafuta kwa nozeli, zile zenye mpira wa kurudisha mafuta kwenye tanki, pampu inasukuma mafuta mengi kuliko injini inavyohitaji, yanayobaki yanarudi. Ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, injini inakunywa kidogo sana, hata pampu iliyochoka inatosha na presha inasoma vizuri. Mlimani sasa, nozeli zinafunguka muda mrefu, mafuta yanatakiwa mengi kwa mpigo, pampu inashindwa, presha inaanguka. Ndo maana ukipima gari imesimama gereji unaona kila kitu kizima halafu unamwambia mteja gari yako haina shida.

Sisi tulifunga presha geji, ya kupima presha ya mafuta, tukapitisha mpira wake nje ya boneti, geji yenyewe tukaibana na waipa kwenye kioo cha mbele ili tuisome tukiwa tunaendesha. Hakikisheni mpira haugusi manifoldi na hauvuji hata tone, maana ile ni petroli juu ya injini ya moto. Gari hizi ukichomoa ule mpira mdogo wa vakyumu kwenye regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, unatakiwa upate kama psi 38 mpaka 44, na ukiurudisha inashuka kidogo. Pale gereji ilisoma safi. Tukatafuta mlima, nikamwambia kijana kanyaga mpaka chini, mshale wa geji ukaanza kuteremka mbele ya macho yetu, 35, 30, 24, na gari ikazama nao.

Pampu imekufa basi? Hapana, hapa tena msikimbilie dukani. Kwenye Corolla hii pampu iko ndani ya tanki, unanyanyua kalio la kiti cha nyuma unakuta kifuniko cha bati, chini yake ndo soketi ya waya. Nikaweka multimita pale, gari ikiwa inaunguruma. Betri ilisoma volti 13.8 na pale kwenye pampu zilifika 9.6. Volti nne zimepotelea njiani! Tukachomoa soketi, plastiki yake upande mmoja imekuwa rangi ya kahawia, na pini imelegea, ukiigusa inacheza. Ilikuwa inapata moto taratibu miaka na miaka, pampu inazunguka kivivu, na hakuna aliyenyanyua kiti kuangalia. Tulikata ile soketi tukaweka nyingine na waya mzima, volti zikapanda zikafika 13, presha mlimani ikasimama, haikutikisika. Pampu ni ileile mpaka leo.

Na ambaye gari haiwaki kabisa, anza na fyuzi ya EFI na rilei zake. Toyota nyingi za miaka ya tisini zina kiboksi kwenye boneti kimeandikwa DIAGNOSIS, ukiunganisha matundu ya +B na FP kwa kawaya kisha ukawasha swichi tu bila kupiga stata, pampu inazunguka, fungua mfuniko wa tanki sikiliza, utaisikia inanguruma. Soma vizuri maandishi kwenye kifuniko kabla hujachomeka, tundu la kukosea lipo. Ikizunguka hapo na ukipiga stata haizunguki, pampu ni nzima, umeme wake ndo haufiki.

Upande wa gia boksi sasa, mshale ukiruka juu, cheki oili kwanza. Gari imeshatembea, imepata moto, iko sehemu tambarare, injini inawaka, kanyaga breki upitishe gia zote kutoka P mpaka L urudi P, ndo uchomoe dipstiki. Wengi wanapima injini imezimwa wanaona imejaa kumbe ni pungufu. Rangi iwe nyekundu, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapo kweli klachi zimeliwa. Ikiwa nyekundu lakini imepungua, tafuta sili inayovuja pale kwenye drive shafti, zile zinazozungusha tairi, na ujazie oili iliyoandikwa kwa gia boksi hiyo, maana nimeshaona gia boksi nzima imeuliwa na oili isiyo yake. Na taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikianza kupepesa yenyewe usiipuuze, kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, imeona kosa na imelihifadhi.

Dada hapo mbele ameuliza kuhusu kutembea taa ya mafuta ikiwaka. Dada yangu, pampu inapozwa na petroli inayopita ndani yake na inayoizunguka mle kwenye tanki, ukizoea kutembea na mafuta ya chini kabisa unaichosha kwa joto. Robo tanki ikifika, ongeza.

Ile Corolla iko hapo nje, mwenyewe ameikubali tuitumie, imeshapata moto. Twendeni, wawili wanyanyue kiti cha nyuma, mmoja aje na multimita.