Nani Anamlipa Wakala Wako wa Bima?

KAKA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia sheria ya bima ya afya ya Marekani, ile aliyoitia saini Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010, na tutaitazama kwa upande wa wakala, yaani yule anayeketi na familia mezani, akaisaidia kuchagua bima, kisha akalipwa kamisheni na kampuni. Dada, wewe ulikuwa na leseni ya uwakala kabla sheria hiyo haijapitishwa. Kazi ilikuwaje?

DADA: Ahsante, kaka. Niliuza bima kwa watu binafsi na kwa biashara ndogo, na kamisheni ilikuwa asilimia ya ada ya bima, kubwa mwaka wa kwanza na ndogo katika miaka iliyofuata. Ada ilipopanda, kipato changu kilipanda pia bila mimi kuongeza kazi yoyote, na sijawahi kuona kwamba huo ulikuwa utaratibu mzuri. Lakini kilichoniumiza zaidi ni zile fomu za maswali ya afya. Mtu aliyewahi kuugua saratani, au mama mwenye kisukari, nilimjazia fomu huku nikijua kwamba huenda kampuni itamkataa. Sheria ilipozizuia kampuni, kuanzia Januari 2014, zisimkatae mtu wala kumtoza zaidi kwa sababu ya maradhi aliyokuwa nayo, nilifurahi kwa dhati, na furaha hiyo ninayo hadi leo.

KAKA: Basi kamisheni iliguswa wapi?

DADA: Iliguswa mapema zaidi, mwaka 2011. Sheria iliitaka kila kampuni itumie angalau asilimia 80 ya ada kwa matibabu na kuboresha huduma, kwa bima za watu binafsi na za biashara ndogo, na asilimia 85 kwa waajiri wakubwa. Kampuni isipofikia kiwango hicho, inawarudishia wateja tofauti. Tuchukue mfano: familia ikilipa dola 500 kwa mwezi, na tukiziacha kodi kando, dola 400 ni za matibabu, na zile 100 zinazobaki ndizo za mishahara, majengo, matangazo, faida na wakala. Kanuni za utekelezaji ziliihesabu kamisheni kuwa gharama ya uendeshaji, na kwa hiyo ikaingia ndani ya hizo dola 100. Kampuni iliyokuwa ikitumia zaidi ya hapo ilitafuta mahali pa kupunguza, na mahali pepesi kuliko pote palikuwa kwa mtu asiye mwajiriwa wake. Mimi nililetewa barua yenye aya mbili tu, ikinijulisha kiwango kipya. Kampuni hiyo sitaitaja.

KAKA: Nitamtetea mlipa ada kidogo. Mwaka 2012, marejesho ya kwanza yalipotolewa, wananchi walirudishiwa zaidi ya dola bilioni 1. Hizo ni fedha ambazo zingebaki kwenye kampuni.

DADA: Na mimi siipingi asilimia 80, kaka. Ninachopinga ni kuiweka kazi ya kumfafanulia mgonjwa haki yake katika fungu moja na matangazo ya televisheni. Chama cha kitaifa cha makamishna wa bima wa majimbo, ambao ni wasimamizi na si mawakala, kilipitisha azimio Novemba 2011 kikiomba mawakala waangaliwe upya katika hesabu hiyo. Bungeni, Mike Rogers wa Michigan na John Barrow wa Georgia, mmoja wa Republican na mwingine wa Democratic, walikuwa wamepeleka muswada wa kuitoa kamisheni kwenye hesabu. Haukuwa sheria, na kanuni ikabaki vilevile.

KAKA: Kisha likaja soko la bima la mtandaoni, yaani tovuti ya serikali ambapo mtu hulinganisha bima na kujiandikisha.

DADA: Lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, na tovuti yake ikakwama siku ileile. Wateja walipiga simu kwetu. Kila familia ilihitaji kukadiria kipato cha mwaka ujao ili ipate ruzuku, kuthibitisha hali ya uhamiaji ya kila mtu, na kuelewa ni kiasi gani italipa yenyewe kabla bima haijaanza kuchangia. Kwa familia iliyotoka Kongo miezi michache iliyopita, ambayo haijawahi kuona neno lolote kati ya hayo, nilikaa saa tatu, na mara nyingi nilirudi siku ya pili. Wakati huohuo kampuni nyingi zilikuwa zimeacha asilimia na kulipa kiasi maalumu kwa kila mwanachama kwa mwezi. Kwa kweli naona mfumo huo ni wa haki kuliko ule wa zamani, kwa sababu wakala hafaidiki tena ada inapopanda. Tatizo lake ni kwamba unamlipa sawa aliyekaa saa tatu na aliyekaa dakika tano.

KAKA: Na mwaka 2016 hata hicho kidogo kikaondolewa?

DADA: Kwa baadhi, ndiyo. Kampuni zilizokuwa zikipata hasara sokoni ziliacha kulipa kamisheni kwa mteja aliyejiunga nje ya msimu wa kawaida wa kujiandikisha, kwa mfano aliyefukuzwa kazi au aliyepata mtoto, kwa hofu kwamba huyo huja akiwa mgonjwa. Yaani mlango ambao sheria iliufungua, kampuni iliurudishia kwa kumnyima malipo anayemwongoza mtu kuufikia. Wasimamizi wa baadhi ya majimbo, Kentucky ikiwamo, walipinga, wakisema kamisheni ilikwisha kuhesabiwa ndani ya ada iliyoidhinishwa.

KAKA: Sasa tufike mwaka 2024, kwa sababu wasikilizaji wetu kadhaa wamejikuta na bima ambayo hawakuiomba.

DADA: Hapo ndipo malipo ya kuhesabu vichwa yalipotufikisha. Ruzuku zilizoongezwa mwaka 2021 zilifanya bima nyingi zisiwe na ada yoyote kwa mwenye kipato kidogo, kwa hiyo mtu aliyeandikishwa au kuhamishwa bila ridhaa yake hakupata bili ya kumshtua. Kupitia tovuti za kampuni binafsi zilizounganishwa na soko, wakala aliweza kumpata mteja kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na jimbo tu, akajiandika kuwa ndiye wakala wake, na kamisheni ya kila mwezi ikamfuata yeye. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka huo serikali ilipokea takriban malalamiko 90,000. Mgonjwa aligundua alipofika kwa daktari wake na kuambiwa kwamba bima yake haipokelewi tena pale. Julai serikali ikaamua kwamba wakala ambaye hajaandikwa tayari kuwa wakala wa mteja hawezi kubadilisha bima yake mpaka mteja mwenyewe awe kwenye simu pamoja naye na kituo cha soko.

KAKA: Hatua hiyo imewagusa pia mawakala waaminifu.

DADA: Imewachelewesha, na mimi naiunga mkono kabisa. Mteja wangu akisubiri dakika arobaini kwenye simu, nitasubiri naye.

KAKA: Msikilizaji anayekutana na wakala wiki hii amuulize nini?

DADA: Amuulize analipwa na kampuni zipi, na kama ipo kampuni inayofaa ambayo haimlipi chochote. Kwa bima ya kazini, tangu mwisho wa mwaka 2021 sheria inamtaka wakala anayetarajia dola 1,000 au zaidi amweleze mwajiri malipo yake kwa maandishi. Kisha msikilizaji aingie mwenyewe kwenye akaunti yake ya soko, aangalie ni jina la nani limeandikwa kama wakala wake. Asipolitambua, alipigie simu soko siku hiyohiyo, kabla hajaenda hospitali.