Mistari Mitatu ya Jedwali la Ruta

Mabibi na mabwana, mlionisikiliza miaka iliyopita mtaniwia radhi, kwa maana jambo ni lile lile na bado linakosewa katika karatasi za mitihani: ruta, kifaa cha kupitisha data kati ya mitandao, haibebi habari za safari nzima ya pakiti, yaani kifungu kidogo cha data chenye anwani ya kinakokwenda, bali huamua mlango mmoja tu wa kuitolea.

Chukueni jedwali la ruta, yaani orodha ya njia zake, lenye mistari mitatu; namba iliyo baada ya mkwaju ni idadi ya biti za mwanzo za anwani, yaani tarakimu zake za 0 na 1, zinazopaswa kulingana. Wa kwanza ni 0.0.0.0/0, yaani anwani yoyote ile, nao unaelekeza Nairobi. Wa pili ni 10.20.0.0/16, unaelekeza Changamwe. Wa tatu ni 10.20.5.0/24, unaelekeza Likoni. Imeingia pakiti ya 10.20.5.77. Itatolewa wapi? Kila mwaka hawakosekani wanaojibu Nairobi, eti kwa sababu mstari huo umetangulia! Anwani hiyo inaafikiana na mistari yote mitatu, na unaoshinda ni ule unaolingana nayo kwa biti nyingi zaidi, nao ni wa Likoni wenye biti 24, uandikwe juu au chini. Anayejua kuwa nyumba iko Likoni hamwelekezi mgeni kwa kumwambia iko Kenya. Sasa ile 5 igeuzeni iwe 6: mstari wa tatu umetoka, pakiti inakwenda Changamwe. Iandikeni 10.99.0.1, nayo haina pengine ila Nairobi.

Najua yupo atakayesimama kunikumbusha kwamba OSPF, itifaki ambayo kwayo ruta hupashana habari za njia, huipa kila ruta ramani ya eneo lake. Ni kweli, lakini ramani hiyo ni ya kujazia jedwali. Pakiti inapobisha hodi, kinachotazamwa ni jedwali. Ndiyo maana moja ya kebo za baharini zinazotua hapa Mombasa, kama SEACOM na TEAMS zilizofika mwaka 2009, ikikatika, majedwali hurekebishwa na pakiti hupitishwa kwingine palipo na njia, bila mtumaji aliyeko Kisauni kuulizwa wala kuarifiwa.

Naoneshwa saa. Kuhusu ruta mbili zinazorushiana pakiti, kila moja ikidhani njia iko kwa mwenzake: kichwa cha pakiti, yaani sehemu yake ya mwanzo yenye maelekezo, kina hesabu iitwayo TTL, ya kuizuia isizunguke milele, isiyozidi 255, ambayo kila ruta huipunguza moja, na ikifika sifuri pakiti hutupwa. Biti 128 za IPv6, toleo jipya la anwani za mtandao, nilizoahidi tutazikuta wiki ijayo. Mje na jedwali la ruta ya nyumbani kwenu, limenakiliwa kwa mkono.