Tezi Dume Ikishatolewa: Mezani, Kabla ya Hadubini

Ndugu zangu, wengi hudhani majibu ya saratani yanaanzia kwenye hadubini. Hadubini huonyesha kile tu ulichoiwekea, kwa hiyo leo tukae kwenye meza ya kukatia.

Tezi huja ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhia tishu, ujazo wa dawa ukiwa angalau mara 10 ya tezi yenyewe. Tunapima uzito na vipimo vyake vitatu. Hapo sina mengi.

Mengi yako kwenye wino. Kabla ya kisu, tezi nzima hupakwa nje, kulia rangi moja na kushoto nyingine. Ikishakatwa, hutajua tena upande upi ulikuwa uso wake na upi umetokana na kisu chako wewe. Wino huvumilia dawa na nta za kuandalia vipande, ukaonekana kwenye slaidi kama uzi mwembamba. Seli za saratani zikiugusa uzi ule, ukingo una saratani, na huenda nyingine imebaki mwilini. Zikiukaribia bila kuugusa, hata kwa nafasi ndogo, ukingo ni salama. Sasa fikirini wino uliochuruzika ndani ya mpasuko: mgonjwa ataambiwa ana mabaki ya saratani ambayo hana. Nawaomba sana, paka, kausha, ndipo ukate.

Ncha ya chini tunaikata kwa umbo la koni, kisha tunaipasua kwa wima ili uso wenye wino uonekane ubavuni. Vifuko vya manii, chukua pale vinapoungana na tezi. Sehemu ya kati hukatwa kwa upana, vipande vya milimita 3 hadi 5.

Halafu macho hudanganya. Saratani hii mara nyingi haina uvimbe unaoonekana, na hujitokeza sehemu kadhaa za tezi ileile. Ndiyo maana watu hubishana: tuweke yote kwenye kaseti, yaani vijisanduku vya kuandalia vipande vya slaidi, au sehemu? Mkutano wa wanapatholojia (madaktari wanaochunguza tishu) wa mfumo wa mkojo uliofanyika Boston mwaka 2009 ulikubali njia zote mbili, mradi ukiweka sehemu ueleze umechagua vipi. Mimi, tezi ikiwa ndogo, naweka yote.

Ukiacha masalia, yahifadhi chupani kwa mpangilio, kila kipande kijulikane namba yake. Slaidi ikionyesha seli chache karibu na wino wa kushoto, utarudi kwenye chupa ile kutafuta kipande cha jirani.