Majina ya Faili Yanayogoma, na Namna ya Kuyanyoosha

Ndugu zangu, nianze na amri moja. Mtu anatumia Linux, ana faili iitwayo Ripoti ya Mwezi.txt, anataka kuifuta. Anaandika:

rm Ripoti ya Mwezi.txt

Kompyuta haioni faili moja hapo. Inaona tatu: Ripoti, ya, na Mwezi.txt. Kama folda hiyo ina faili nyingine iitwayo Ripoti tu, hiyo ndiyo itakayofutwa, na rm haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Jina lenye nafasi lifungeni kwa alama za nukuu, kila mara.

Linux hukataza vitu viwili tu ndani ya jina: mkwaju (/) na baiti ya sifuri (herufi isiyoonekana ambayo mfumo hutumia kuonyesha mwisho wa jina). Mengine yote ruksa, hata kuvunja mstari katikati ya jina! Windows ni kali zaidi: nukta pacha (:), nyota (*) na alama ya kuuliza (?) hazipiti. Ndiyo maana folda iliyotulia miaka mingi kwenye seva hugoma siku ya kuhamishwa kwenda Windows.

Kwa hiyo tazameni kwanza. ls ni amri ya kuorodhesha faili, na ls -b hufichua herufi zilizojificha. Jina likianza na kistari, mfano -zamani.txt, rm hulidhania ni maagizo, andikeni rm ./-zamani.txt. Na jina lisiloandikika kwa kibodi? ls -i itawapa namba ya ainodi ya faili hiyo, yaani namba ambayo mfumo huitambulia, tuseme 48213, kisha ibadilisheni jina kwa mv:

find . -inum 48213 -exec mv -i {} jina_jipya.txt \;

Mafaili yakiwa mengi, mimi natumia rename, programu ya kubadilisha majina iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, ile ya Debian na Ubuntu (aina za Linux). Ya Fedora, aina nyingine ya Linux, ni programu nyingine, msizichanganye. Amri hii huweka _ penye nafasi katika kila jina:

find . -depth -name '* *' -execdir rename -n 's/ /_/g' {} +

Hapo -depth ndiyo roho ya amri. Inashughulikia vilivyomo ndani kabla ya folda yenyewe. Folda ikibadilishwa jina kwanza, njia ya kufikia vilivyomo inakatika, na kazi inaishia nusu. Nayo -n haibadilishi kitu, inaonyesha tu jina la zamani na jipya. Someni orodha hiyo mstari kwa mstari, kwani Barua 1 na Barua_1 zikiwa pamoja zitagombea jina moja. rename haitaifunika iliyopo, ila ile yenye nafasi itabaki vilevile, na hiyo mtaipa jina wenyewe kwa mv -i. Mkiridhika, ondoeni -n, mpige Enter.